Gusa Mufuko na Mugongo ya Mukono

Mbele ya kubeba mufuko ya buchafu, uiguse kwanza na mugongo ya mukono. Apana na vidole. Vidole ya bantu ya pousse-pousse, ya kusukuma mikokoteni, ilikufa zamani, haisikie tena kitu. Mugongo ya mukono, pale ngozi ingali laini, njo inasikiaka moto yenye imejificha. Gusa chini ya mufuko, hesabu mpaka tano, njo ubebe. Kama munachoka kusoma, mufunge cahier apa apa, ya maana nimeshasema. Benye banataka kuyua juu ya nini, tuendelee.

Miye niko retraité, nilishaacha kazi. Musicheke! Niko na miaka makumi tatu na mbili, lakini docteur aliangaria mugongo yangu, akasema ni ya muzee. "Ukisukuma tena, utatembea na fimbo." Nilimukasirikia, nilitoka na kupiga mulango. Kisha nilirudia kumulomba pardon, juu nilisahau karatasi ya dawa pa meza yake. Ni vile niko. Mu Hewa Bora, quartier yetu, bananiitaka Chaudière, juu nachemuka mbio na kelele inatangulia. Miaka kumi na moya nilisukuma buchafu ya hii quartier. Sasa nabaona ninyi, ba mupya, na gilets, vizibao ya kungaa, munapita pa mulango yangu na ma-pousse-pousse yenye nayua kila boulon yake, na roho inaniuma kidogo, na tena inafurahi.

Kuandika hii haikukuwa mawazo yangu. Ni Mama Kapinga njo alinituma. "Chaudière, uandike," alisema, "juu ukienda kubaambia na kinywa, mutagombana mbele ya kufika katikati."

Mama Kapinga munamuyua: mwenye miwani ya kufunga na kamba. Njo mukubwa ya équipe yetu ya kubeba buchafu tangu équipe ilizaliwa. Bazazi yake balitokaka Kasai, yee alizaliwa apa, na alifundishaka masomo ya primaire miaka mingi mbele ya kuya mu buchafu. Muntu akimusema mubaya mbele yangu, ata leo na hii mugongo, tutaonana.

Yee njo alinitosha ku Golf, quartier ya batajiri. Wakati ile nilikuwaka nabeba buchafu peke yangu, kila villa na siku yake. Ku Golf kazi ilikuwa mwepesi, nasema kweli. Mufuko ya Golf ni machupa, ma-carton, karatasi. Nilikuwa sina masomo mingi, nilisimamia ku ya tatu primaire, basi kusoma nilijifunzaka mule mule mu poubelle. Ma-journal ya zamani, ma-cahier ya batoto benye bako na bazazi ba kununua ingine, ata karatasi ya dawa. Njo maana Kifaransa yangu iko na maneno ya docteur mingi. Siku moya Mama Kapinga alinikuta naikala pa caniveau, pa mutaro ya mayi, nasoma cahier ya dictée na kukasirikia makosa ya ule mutoto. Alisimama. "Na yee, mwenye aliandika, uko namutukana?" Nikamuambia ndiyo, anaandika mubaya. Alicheka sana. Akasema: "Kuya ku Hewa Bora. Tunatafuta bantu benye banaangaria mu mufuko."

Nilifika, nikabeba mufuko ya kwanza, kidogo nianguke. Mama yangu! Uzito sawa ya maiti. Nikaifungua: nusu ni udongo. Munayua bamama ya Hewa Bora. Asubui banafagia lupango, kiwanja ya nyumba, sawa vile banatafuta shaba chini. Vumbi yote, mawe yote, mu mufuko, na pousse-pousse inalia.

Miye nilitaka kupigana na bamama. Mama Kapinga alifanya ingine. Alienda pa mulango ya mama moya na kichungio, akamwanga mufuko yake chini, akachunga udongo yote pembeni, mbele ya macho yake.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni buchafu, Mama Kapinga."

"Apana. Ni lupango yako. Kila siku unatupatia lupango yako kidogo kidogo. Kisha miaka mbili utaikala mu shimo, na mvula ya avenue yote itakuya kulala kwako."

Mama ule alicheka mpaka akashika ukuta. Kufika jioni, avenue muzima ilikuwa nasema juu ya shimo. Kuanza ile juma, udongo ilibakia pa mipapai, na safari yetu tano ikakuwa tatu. Miye ningelalamika mwaka muzima, na ningelikuwa nabeba udongo mpaka leo.

Sasa nirudie nyuma kidogo, nibaambie namna équipe ilizaliwa, juu naona munafikiri dépôt, pa kukusanyia buchafu, ilikuwaka pale tangu Mungu aliumba Hewa Bora.

Mbele, buchafu ilikuwaka kazi ya ville, ya muji muzima. Ville iko kubwa, camion iko kidogo. Pa carrefour, pa njia panda, buchafu ilipanda mpaka mbuzi zilikuwa nasimama juu yake kuangaria bantu. Kisha commune, serikali ya apa kwetu, ilisema: tugawanye. Kila quartier ikusanye buchafu yake na bantu yake, na ma-pousse-pousse yake, na kuipeleka mu dépôt moya. Camion ya commune itakuya kuitosha pale, siku ya pili na siku ya tano ya juma. Bourgmestre, mukubwa ya commune, mwenyewe alikuya kutuelezea. Alisema ni ya kujaribu, miezi tatu. "Nikipata shida moya kubwa, nafunga dépôt, na munarudia kungoya camion pa carrefour sawa zamani."

Bantu bote balipiga makofi. Kisha bakauliza: dépôt itakuwa wapi? Ayi, mungelikuwa pale! Kila muntu alisimama kusema avenue ya jirani yake iko muzuri sana, iko na nafasi, iko na mupepe. Papa moya alisifu lupango ya shemeji yake mpaka shemeji akasimama. Saa mbili muzima. Njo Mama Kapinga akatosha miwani, akaipangusa, akasema: "Pembeni ya kwangu kuko lupango ya bule. Muweke pale." Kila muntu akaangaria chini. Alibeba nzi zetu zote kwake, na jikoni yake ya mbao na mabati ikabakia metre tatu na buchafu ya quartier muzima.

Kitu ingine yenye alinifunza, na hii niliilipa na haya. Mufuko inasema yote. Unayua nani anakula mara moya ku siku, nani alianza kukunywa, nyumba gani iko na mugonjwa. Siku moya nilikuta machupa ya pombe, mingi, mu mufuko ya papa moya mwenye alikuwaka nakataza bantu pombe ku kanisa. Kinywa yangu ilitoka mbele yangu. "Eh Papa! Leo ilikuwa kesha ya maombi?" Avenue yote ilicheka. Kesho yake, ku ile avenue, hakuna mufuko ata moya. Siku yenye ilifuata, hakuna. Buchafu yote ilikuwa mu caniveau.

Mama Kapinga alinishika na kola. "Chaudière, muntu anakupatia kitu yenye ata bandugu yake habaione. Ukiisema, hatakupatia tena. Na akikosa kukupatia wee, atapatia mvula." Balifanya juma moya mbele ya kutosha mifuko tena, na ni yee njo alipita mulango na mulango kubabembeleza. Ule papa nilimuangukia magoti. Kuanza ile siku ikakuwa sheria ya équipe: yenye inaonekana mu mufuko, inabakia mu mufuko.

Mukamate ile muzuri, juu sasa tunafika ku moto.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Jua kali, mvula bado, mupepe inazungusha vumbi mu avenue. Dépôt ilikuwa na miezi mbili na nusu, hakuna mulalamiko ata moya ku Bourgmestre, na tulikuwa natembea kifua mbele. Kulikuwa mama moya mwenye alikuwaka napikia bantu bukari, ugali yetu, pa barabara, na mbabula, majiko ya makala, ine, tano, inawaka tangu asubui. Jina yake nabakia nayo. Yee na miye, kila siku ilikuwa vita.

"We Chaudière! Tunakunusa mbele ya kukuona!"

"Mama, inanuka ni buchafu yako. Miye niko nabeba tu."

"Beba basi! Pousse-pousse njo iko na magurudumu, kinywa yako haina!"

Bakula-bukari bake balicheka na sombe mu kinywa. Miye kasirani ikapanda. Nikakamata mufuko yake na vidole, nikaitupa juu ya pousse-pousse, puu! Mama Kapinga alikuwa pa kona na ingine pousse-pousse. Akaniita na nguvu:

"Umegusa?"

Juu ya majivu, tulikuwa na sheria tangu mwanzo, kwa mifuko ya benye mbabula: mugongo ya mukono, kila mara. Na miye, na ile kasirani, sikutaka kurudia nyuma mbele ya ule mama na bantu bake. Nikajibu:

"Nimegusa!"

Njo uongo yenye niko nabaandikia juu yake.

Nilimwanga yote mu dépôt, camion ilikuwa ya kesho, buchafu ilijaa. Nikaenda kukula. Sikumaliza ata sahani: moshi mweusi ikasimama juu ya quartier, moshi ya plastique, yenye inakamata mu koo. Nilikimbia. Dépôt yote inawaka. Ma-pousse-pousse mbili inawaka. Clôture, ua ya Mama Kapinga ya matete, ilikuwa ilishaisha, na jikoni yake ilikuwa inaanza.

Tulimwanga mayi, mayi ikafanya bule, plastique inaelea na kuwaka. Njo bamama bakatokea. Kila mama na beseni ya udongo. Ule udongo yenye tulibakataza kutupatia, siku ile balituletea yote, bakaimwanga, bakarudia, bakaimwanga, mpaka moto ikafunikwa sawa muntu anafunika chungu. Na mule kati ya bamama niliona ule wa mbabula, anakimbia na beseni, macho inatoka mayi, na siyui kama ni ya moshi.

Nyumba ilipona. Jikoni, apana.

Asubui nilikuta Mama Kapinga anaokota sufuria mu majivu. Nilianza kusema mbio: nayua ni mufuko ya nani, nitamutaya jina mbele ya Bourgmestre, atatuona! Hakuinua kichwa.

"Uligusa?"

Nikaendelea kumutukana ule mama.

"Nakuuliza, Chaudière. Uligusa?"

"Apana, Mama."

"Jana uliniambia umegusa."

"Nilikudanganya."

Alinipatia sufuria moya, nyeusi tii. "Sugua." Nikaikala chini, nikasugua. Yee akaendelea kuokota. Ningefurahi anipige.

Saa ine, bantu bote ku bureau ya quartier. Bourgmestre alikuwa mbele. Pembeni yake Papa Kambale, ule mufanya biashara ya gros, ya jumla, wa Nord-Kivu, mwenye dépôt yake ya maziwa na unga inagusana na ukuta ya dépôt yetu. Yee alikuwa na kasirani kunipita, na alikuwa na haki.

"Ukuta yangu ilikuwa ya moto kama mkate," alisema. "Nataka nijue, moto ilitoka nyumba gani?"

Bourgmestre akasema polepole: "Ni neno moya tu. Mukiniambia nyumba, ule muntu ataitwa ku commune, atajibu, na dépôt inaendelea. Mukikosa kuniambia, basi hamuyue yenye munabeba. Nafunga."

Ule mama wa mbabula alikuwa ku mustari ya tatu. Alifunika kichwa na kitenge, anaangaria miguu yake. Neno moya, na équipe inapona. Neno moya, na nyumba zote za Hewa Bora zinayua kama Chaudière na bantu bake banatayaka majina. Niliangaria Mama Kapinga. Hakunifanyia alama yoyote. Alikuwa anapangusa miwani yake, na miwani ilikuwa safi.

Nikasimama.

"Pousse-pousse ilikuwa yangu. Sikugusa mufuko. Nilidanganya mukubwa yangu. Munitoshe miye, dépôt ibakie."

"Sikuuliza juu yako," Bourgmestre akasema. "Nyumba gani?"

"Sitasema."

"Kwa hiyo unayua."

"Nayua. Sitasema."

Kelele! Papa Kambale akasimama, bengine bakanitukana, na miye, musinione sawa malaika, nilikuwa na ngumi mu mufuko ya suruali na nilikuwa nahesabu mpaka tano, sawa pa mufuko. Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu kinywa yangu inabakia kufungwa na kichwa inachemuka. Bourgmestre alifunga cahier yake. "Kesho saa sita nakuya na cadenas, na kufuli."

Mama Kapinga, kurudia nyumba, alitembea pembeni yangu. Ku avenue yetu alisema tu: "Kesho asubui tunabeba sawa siku zote. Mpaka saa sita tungali équipe." Basi. Hakunifukuza. Miye, mwenye nilimuchomea jikoni, alinipatia pousse-pousse yake mwenyewe, juu yangu ilibakia chuma tu.

Kesho yake tulianza saa kumi na mbili, na ma-pousse-pousse ine tu badala ya sita, na roho chini. Avenue ya kwanza, mulango ya kwanza: mufuko iko pale. Na pembeni ya mufuko, mukebe ya maziwa ya unga, ile kubwa. Nikaangaria ndani. Majivu. Nyeusi, ya mayi, baridi. Mulango ya pili: mufuko na mukebe. Ya tatu. Ya ine. Nilisimama katikati ya barabara, nikaangaria mpaka mwisho ya avenue: mikebe, mikebe, mikebe, jua inangaa juu yake.

"Mama Kapinga, ni wee?"

"Miye nililala," alisema, akatosha miwani, akaivaa tena kuangaria muzuri.

Saa sita Bourgmestre alikuya na cadenas mu mukono, na miguu, juu voiture ilimuacha ku carrefour. Alipita pa mikebe yote. Akasimama pa mulango ya mama muzee moya.

"Hii ni ya nini?"

"Ya majivu, Papa. Tunatia mayi. Moto haitoke tena kwetu."

"Nani alibaambia?"

"Tuliambiana."

Bourgmestre akainama, akatumbukiza kidole mu mukebe, akaikuta baridi, na kidole ikatoka nyeusi. Akaipangusa na mouchoir yake nyeupe, polepole, akaangaria cadenas, akaitia mu mufuko ya veste. "Miezi tatu inaanza tena kuhesabiwa leo," alisema. "Toka zéro." Akarudia na miguu.

Kisha ile juma, Papa Kambale aliniita pa dépôt yake. Nilifikiri ni vita.

"Sikia, kijana. Ile siku ya mkutano, kuna mama mmoja alikuja hapa. Alilomba mikebe yangu yote tupu. Namuuliza ni ya nini, analia. Aliibeba juu ya kichwa, mara saba, nane, akaenda kugawa nyumba kwa nyumba, akiwaonyesha namna ya kutia maji. Sasa na mimi nimejua ni nyumba gani. Na mimi sitasema."

Akanipatia magurudumu mbili ya mupya ya pousse-pousse. Njo ingali pa pousse-pousse yenu ya namba tatu, muangarie.

Na ule mama? Hatukusemaka juu yake, ata siku moya, mpaka leo. Kesho ya mikebe nilifika kwake. Alikuwa pa mbabula yake. Akainua mwiko: "We Chaudière! Tunakunusa!" Lakini juu ya ukuta kulikuwa sahani ya bukari na samaki, imefunikwa, na hakuna muntu pembeni yake. Kuanza pale, kila juma, ile sahani. Alinitukana na kunilisha mpaka nilitoka mu kazi.

Jikoni ya Mama Kapinga niliijenga miye, na mikono yangu, ma-samedi nyuma ya salongo, ile kazi ya usafi ya bantu bote. Ukuta moya inapinda. Batoto yake balitaka kuita fundi maçon ainyooshe, yee akakataa. Anatundika mule ile sufuria yenye nilisugua. Bantu bananiulizaka kama sina uchungu, miaka kumi na moya ya buchafu na mugongo ya kuvunjika. Uchungu ya nini? Niliingia sina masomo na sina adabu, ba Hewa Bora balinipatia yote mbili mu mufuko. Aksanti yangu kwabo haina mwisho, na kwa Mama Kapinga haina ata mwanzo, siyue niikamate wapi.

Ya mwisho, kisha mwende kazini.

Siku ya pili ya juma iliyopita nilitosha mufuko yangu pa mulango. Mara ya kwanza mu maisha, miye njo natosha. Nikasimama nyuma ya mulango kuchungulia, sawa bamama banafanyaka. Mumoja wenu alifika, binti wa gants, glavu ya bleu. Alitosha gant. Akagusa chini ya mufuko na mugongo ya mukono, midomo ikahesabu: moya, mbili, tatu, ine, tano. Akaibeba. Macho yangu ikaanza kunisumbua. Kisha akainamia mukebe yangu, akanusa, akapiga mulango.

"Yaya, mukubwa yangu, mayi haitoshe. Urudishe, uongeze."

Damu ikapanda, pii!

"We binti, unayua uko nasema na nani?"

"Nayua, Yaya Chaudière. Ongeza mayi."

"Miye njo nili…"

"Yaya, niko na avenue tatu ingine."

Nikabeba mukebe, nikaingia mu lupango na kununa sawa mutoto. Nikafungua robinet ya mayi.

Tsss, mukebe ikasema. Moshi nyeupe kidogo ikapanda mpaka mu sura yangu.

Nilingoya mpaka ikanyamaza kabisa, nikahesabu tano, nikaigusa chini. Kisha nikamurudishia na mikono mbili.